Aliyefunikwa Katikati

Wasichana waliponijia na leso, nilikimbia. Nikisema nilikimbia msinione nikiruka ua. Mwanamke wa miaka yangu na wa magoti yangu hakimbii, huondoka tu kwa haraka kidogo kuliko aibu inayomfuata.

Ilikuwa siku ya kuombwa kwa Wawira, binti wa kaka yangu Mwenda. Wageni walikuwa wametoka Laare, pikapu tatu na basi la kukodi, na walikuwa langoni wakiimba ili wafunguliwe. Huku ndani tulikuwa tunapanga wale wa kufunikwa. Mchezo huo mnaujua: wasichana watano au sita wanasimamishwa kwa mstari, kila mmoja amefunikwa leso kutoka kichwani hadi vidoleni, na kijana anaambiwa amtoe mpenzi wake bila kuinua kitambaa. Na ili watu wacheke, katikati yao hupenyezwa mwanamke wa zamani. Kijana akikosea akamshika huyo, ameliwa.

"Tata, wewe ndiye wa katikati," akasema mdogo wake Wawira. Tata ni shangazi kwa Kiembu chetu, na wasichana hawa hulitamka wakitaka kukupaka mafuta au kukuchoma.

"Wa katikati ni mama yenu."

"Mama bado ana shepu, watajua ni bibi ya mtu. Wewe simama tu vile husimama dukani ukingoja chenji."

"Na asiongee," akasema mwingine. "Akikohoa tu, ameharibu."

Kabla sijajibu, leso ilikuwa kichwani. Dunia ikawa ya samawati, ikanuka sabuni na sanduku. Na hapo hapo, kutoka langoni, upepo ukaleta harufu ya jani bichi la mgomba. Wageni walikuwa wamebeba miraa ya heshima, ile hufungwa kwa jani la mgomba ikapelekwa kwa kina msichana. Nikasikia sauti ikisema, "Si huyu." Hakuna mtu aliyekuwa amesema. Nikaitupa leso, nikaenda jikoni, nikashika kisu na kiazi, nikajifanya nimezaliwa huko.

Waliobaki hawakushangaa. Mimi ni mtu wa nyumbani, kila mtu huku Manyatta anajua. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwa Mama, nikanunua mashine ya kufuma sweta za shule, na tangu hapo dunia ikinihitaji hunikuta hapa. Kwenda Embu mjini naita safari. Nikialikwa harusi naomba niletewe sahani. Lakini jikoni siku hiyo nilimenya hadi kiazi kikabaki saizi ya yai, na Mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akichagua dengu, aliniangalia mara moja tu halafu akarudi kwenye ungo wake. Mama anajua ninakimbia nini. Sisi wawili tumekaa na jambo hilo miaka yote hii, kama watu wanaoishi na ng'ombe ndani ya nyumba na hakuna anayetaka kusema "moo".

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na waya. Ulitoka msumari wa ukuta huu hadi msumari wa ukuta ule, na juu yake palitundikwa shuka la rangi ya krimu lenye maua ya kahawia. Usiku shuka lilitenga sebule na kitanda chetu, mimi na Mwenda. Jumapili mchana, baada ya chakula, lilikuwa pazia la jukwaa.

Mama yangu alikuwa mwigizaji. Shuleni alicheza mke wa chifu, na shule yao ikaenda kushindana hadi mkoani. Walimu wakasema huyu atafika mbali. Hakufika mbali, alifika kwa Baba, na Mwenda alikuwa tayari njiani. Lakini ule mke wa chifu hakutoka mwilini mwake. Akichuma majani chai alichuma kama mtu anayetazamwa. Na nyumbani alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: shuka. Ng'ombe wetu alipokufa, hatukuruhusiwa kulia. Mama alitundika shuka na tukaigiza ng'ombe akifika mbinguni, akikataa kukamuliwa na malaika kwa sababu mikono yao ni baridi. Tulicheka hadi tukalala bila kukumbuka kwamba hakukuwa na maziwa. Kila mchezo Mama alijipa sehemu ya mtu aliyesafiri: nesi aliyetoka ng'ambo, mke wa balozi. Alivaa miwani isiyo na vioo akatuuliza, "Na huku Embu, mvua bado hunyesha?"

Mimi nilikuwa Redio. Ndilo jina walilonipa, kwa sababu nilirudia kila kitu, na kwa sauti ya mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa naye pasta wetu mfukoni, na mwalimu mkuu, na karani wa kituo cha majani chai anayeinua kidevu akisoma mizani kana kwamba kilo ni siri ya serikali.

Mtazamaji wetu alikuwa mmoja, Baba. Alikuwa mtu wa Igembe, huko Meru. Alinunua miraa Laare na Kangeta, akaisafirisha na pikapu yake, na kwetu alifika Jumamosi jioni. Nilimjua kwa masikio kabla ya macho: honi mara mbili pale kwenye mti wa parachichi, viatu vikifutwa kwenye gunia la mlangoni, kushoto kisha kulia, vikohozi viwili, halafu, "Watu wa hapa mpo?" Kisha harufu ile ya jani la mgomba iliingia ndani kabla yake. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Jumamosi.

"Mmeru wangu amefika," Mama alisema, "ficheni vijiti."

"Na nyinyi watu wa muguka," Baba alimjibu, "mnatafuna majani kama mbuzi halafu mnacheka watu wa vijiti."

Jumapili alikaa kwenye kiti chake, kile chenye kitambaa cha kufuma, akatuangalia. Ukimchekesha kidogo, alipiga goti. Ukimchekesha sana, alivua kofia akajifunika nayo uso wote, na mabega yakatikisika nyuma yake. Hakuna kitu nilichopenda duniani kuliko ile kofia ikipanda usoni.

Jukwaa letu lilikuwa na sheria moja, ya Mama. "Ndani ya shuka hakuna mtu wa kukatizwa, na hakuna mtu wa kuchapwa." Ndiyo maana niliweza kumwigiza Mama mwenyewe akigombana na kuku, na nikala chakula cha jioni kama kawaida.

Halafu Baba akaanza kukosa Jumapili. Moja, kisha mbili zikifuatana. Akija, alikaa kitini lakini macho yake yalikuwa dirishani kwa pikapu. Kofia ilibaki kichwani. Mama alitundika shuka hata siku za kazi, akatufanyisha mazoezi, akaongeza nyimbo. Mimi nikafanya hesabu yangu ya mtoto: michezo yetu imezeeka. Pasta amechosha, karani amechosha. Tukipata mchezo mpya, mkubwa, Baba atakuwa anakuja kila Jumapili. Nikaanza kuutafuta.

Likizo ya Aprili, shangazi yake Mama alifariki huko Mbeere, na Mama alitaka kwenda kulala kwa matanga. Mwenda alikuwa amezuiliwa shuleni na masomo ya likizo.

"Nenda na Redio Laare," Mama akamwambia Baba. "Akamwone nyanyake."

"Nina kazi huko."

"Kazi gani hiyo inayokatazwa mtoto?"

Baba akaniambia nichukue sweta.

Kwa nyanya palikuwa na shughuli. Wanawake walikuwa wanakoroga uji kwa sufuria la harusi, wanaume wanafunga miraa ile mirefu, myekundu, wanaizungushia jani la mgomba kwa taratibu kama watu wanaovalisha mtoto. Baba alitoka chumbani amevaa suti ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Shati bado lilikuwa na mistari ya kukunjwa dukani. Nyanya akanishika kidevu.

"Leo wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Baba."

"Hapana. Leo wewe ni mtoto wa Karimi." Karimi ni dada yake Baba. "Na huyu je?"

"Ni Baba."

"Leo huyu ni anko."

Nikamwangalia Baba. Alikuwa anahangaika na tai. "Ni mchezo?" nikamuuliza.

Akamtazama mamake, akanitazama mimi. Ile tai aliifungua akaifunga tena.

"Ee," akasema. "Ni mchezo."

Nataka mwelewe furaha yangu. Mwelewe kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo bado hunichoma. Nilipewa sehemu! Watu wazima walikuwa na jukwaa lao huku Laare, kubwa kushinda la shuka, na walikuwa wameniingiza. Nilikuwa mtoto wa Karimi kutoka unyweleni hadi kisiginoni. Nilimshika mkono, nikaongea naye kwa sauti kama nimekunywa maziwa ya kwao. Kila mara nilipopita karibu na Baba nilisema, "Anko." Sikukosea hata mara moja.

Na ule mchezo! Tulifika kwenye boma moja, tukazuiwa langoni. Mzee wetu akasema, "Mwana-kondoo wetu amepotea, na nyayo zinaingia hapa." Mzee wao akajibu, "Kondoo hapa ni wengi, wenu ni wa rangi gani?" Waliongea Kimeru, lakini Kimeru na Kiembu ni ndugu, hata usipoelewa tusi unajua umetukanwa. Hakuna aliyesahau maneno, hakuna aliyecheka mahali si pa kucheka. Tukaingia. Ule mzigo wa jani la mgomba ukawekwa mbele yao, na hawakuugusa kwanza. Mzee wao akauliza:

"Huyu mtu wenu si kijana sana. Kwake hakuna moto unaowaka?"

Mzee wetu akamwangalia Baba. Baba akasema mwenyewe, kwa sauti nzuri, ya chini, "Ulikuwako. Ulizimika. Mwenyewe alirudi kwao."

Mzee wao akaguna, akaufungua mzigo, akachukua kijiti kimoja akakiweka mdomoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha wakaletwa waliofunikwa leso. Nilikaribia kuruka. Watu wa Laare wana shuka lao pia! Walikuwa watatu. Baba akapita mbele yao mikono nyuma. Akasimama kwa wa katikati, akainama, akaangalia vidole vya miguu vilivyopasuka, akasema, "Si huyu. Huyu ni wa zamani." Boma lote likaangua kicheko. Leso ikainuliwa, na kweli, ilikuwa bibi kizee asiye na meno, naye akicheka kushinda wote. Baba akaenda kwa wa mwisho, mwenye raba nyeupe, akamshika mkono. Aliitwa Kendi. Leso ilipotoka alikuwa analia machozi ya kweli. Nikasema moyoni, huyu ni fundi, hata Mama hawezi kulia hivyo bila kitunguu.

Kurudi kesho yake, Baba aliendesha hadi tulipopita Meru mjini, tukavuka Chuka, tukaanza kuona mashamba ya kwetu.

"Sasa mimi ni Baba tena," akasema.

"Sawa."

"Na mambo ya Laare tuyaache Laare."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua maana yake. Mama pia hakutaka mchezo usemwe kabla haujapanda jukwaani, kwa sababu unaharibu utamu. Nilikuwa nimezama ndani ya yule mtoto wa Karimi kiasi kwamba ulimi ulichelewa kurudi nyumbani. Tulifika jioni. Mama alikuwa ametoka Mbeere, amesimama mlangoni na kitambaa cha matanga bado kichwani. Nilishuka, nikabeba mfuko wangu, nikaingia kulala.

Asubuhi tulienda kanisani, tukarudi, tukala. Baba alisema ana haraka. Mama akasema, "Kaa kwanza. Mtoto ametoka safari, lazima ana kitu." Akatundika shuka mwenyewe. Akanigeukia. "Redio. Una kitu?"

Nilikuwa nacho! Nilikuwa nacho hadi hapa!

Nilianza langoni. Nilikuwa mzee wetu, nikawa mzee wao. Kondoo alipotea, nyayo zikaingia. Nilichukua sukumawiki kutoka jikoni nikaifunga kwa gazeti iwe ule mzigo. Kitini, Baba alianza kusogea kama mtu aliyekalia mchwa. Nikauliza kuhusu moto unaowaka, halafu nikashusha sauti, nikaweka mkono mmoja kwenye mkanda vile yeye huweka, na nikasema, "Ulikuwako. Ulizimika. Mwenyewe alirudi kwao." Nilimpata hasa. Hata mimi nilisikia nimempata.

"Imetosha," Baba akasema.

"Ndani ya shuka hakuna mtu wa kukatizwa," Mama akasema. Hakugeuka kumwangalia. "Endelea, mami. Na baadaye?"

"Baadaye wanaletwa waliofunikwa. Watatu."

"Una wangapi?"

"Sina. Nitafunika viti."

"Funika viti viwili," akasema Mama. "Mimi nitakuwa wa tatu."

Akasimama katikati ya viti. Nilipanda kigoda nikamfunika kwa leso yake ya kijani, na kabla haijashuka usoni aliniangalia kwa yale macho ya mke wa chifu, nikajua tumeingia kwenye mchezo kweli kweli. Nikawa Baba. Mikono nyuma, nikapita. Nikasimama mbele ya Mama. Nikainama, nikaangalia vidole vyake, vilivyokuwa na udongo mwekundu kwenye nyufa, kwa sababu ni vidole vya mtu wa chai. Nikasema kwa sauti ya Baba:

"Si huyu. Huyu ni wa zamani."

Nikangoja kicheko. Nikageuka kumwangalia Baba, na moyo ukapaa: kofia ilikuwa usoni! Alikuwa amejifunika nayo uso wote, na mabega yalikuwa yanatikisika. Nimeweza, nikasema. Amerudi. Kwa hiyo nikaongeza. Nilirudi tena kwa Mama, nikainama tena, nikarudia kwa nguvu zaidi, "Huyu ni wa zamani kabisa!", maneno ambayo hata Baba hakuyasema, niliyatia mimi kama chumvi. Halafu nikaenda kwa kiti cha mwisho, nikakishika mguu kama mkono, nikainamisha kichwa. Mwisho.

Mama alipiga makofi. Alikuwa bado amefunikwa, na makofi ya ndani ya leso hayana sauti. Niliona tu kitambaa kikiguswa, kikiguswa.

Baba alisimama. Kofia alikuwa ameirudisha kichwani, akaivuta chini. "Naangalia tairi," akasema. Nikasikia mlango wa pikapu, nikasikia pikapu. Chai yake ilibaki mezani hadi ikafunga ngozi juu. Mama alikaa chini ya leso muda mrefu hivi kwamba nilianza kuogopa, nikavuta pindo la leso.

"Mama, mchezo umeisha."

"Najua," sauti ikasema kutoka ndani. "Nangoja kutolewa."

Jumamosi iliyofuata hakukuja honi. Siku moja, niliporudi kutoka shule na Mama kutoka kuchuma, nguo za Baba hazikuwa kwenye msumari. Hakuna aliyenieleza kitu. Lakini watoto wa majirani wana ndimi, na kabla ya mwezi kuisha nilijua kwamba Kendi si mwigizaji, na kwamba Redio ndiye aliyetangaza.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Jumapili ya tatu au ya nne, Mama alipika kuku, akatundika shuka, akaniita nyuma yake.

"Leo nichezee Baba."

"Yupi? Wa Laare?"

"Wa hapa."

Nikaenda nje. Nikapiga honi mara mbili kwa mdomo, pale kwenye parachichi. Nikafuta viatu kwenye gunia, kushoto kisha kulia. Nikakohoa mara mbili. "Watu wa hapa mpo?" Na Mama, ndani, akajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi, "Mmeru wangu amefika, ficheni vijiti!"

Ikawa ndivyo kila Jumapili. Nilikaa kwenye kiti chake, miguu haifiki chini. Mama aliniuliza barabara ilikuwaje, nikamwambia kuna matope. Aliniwekea firigisi, na mnajua kwetu firigisi ya kuku ni ya nani. Kwa muhula mzima mimi ndiye niliyekula firigisi katika nyumba ile, kwa heshima zote, na nikanenepa mashavu. Leo watu wakiniuliza kwa nini siipendi, nasema ni tumbo.

Mwenda alifunga shule mwezi wa nane. Alifika Jumapili, hakupiga hodi. Alitukuta: mimi kitini na sahani ya mwenye nyumba, Mama akinimiminia chai akisema, "Na leo usiondoke mapema." Mwenda alikuwa na miaka kumi na nne na sauti ndiyo tu ilikuwa imeanza kuvunjika. Hakupiga kelele. Alilitoa shuka kwenye waya, akalikunja mara mbili, mara nne, akaliweka mapajani mwa Mama.

"Mama," akasema, "huyu ni mtoto."

Halikupanda tena. Na mimi, kwa upande wangu, niliacha kazi. Shuleni mwalimu wa drama alisikia sifa zangu akanifuata. Nikakataa sehemu kubwa, nikakataa ndogo. Mwishowe akaniomba niwe mti tu, nisimame nyuma. Hata mti nilikataa. Nani anajua mti utasema nini? Nilijifunza kukaa nyumbani, mahali ambapo mtu hawezi kuona kitu akakirudia. Mwaka juzi tulimzika Baba huko Laare. Kwenye kusomwa kwa familia alisomwa mke mmoja, Kendi. Mama alisimama nyuma ya hema na mimi, na akaangalia vidole vya miguu yake.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipokuwa, jikoni, na kiazi cha saizi ya yai. Huko nje vigelegele vilipanda: kijana alikuwa amempata Wawira. Wa katikati, nikaja kuambiwa, alikuwa jirani yetu, na aliupendeza umati kushinda vile mimi ningewahi.

"Hawakukosea," Mama akasema.

Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Labda ile harufu, ilikuwa imejaa ua mzima.

"Mama. Ni mimi niliyeharibu nyumba yako."

Mkono wake ulisimama juu ya dengu. "Wewe?"

"Ule mchezo. Kama ningenyamaza..."

"Wewe ulishuka kwenye gari Jumamosi," akasema polepole, "ukachukua mfuko wako, ukamwambia babako, 'Asante, anko.'"

Kisu kikanitoka.

"Hata hukujua umesema. Ulipita ukaenda kulala. Lakini mimi nilimwangalia uso wake, na nikajua. Nilijua usiku huo wote. Kwani ni nani aliyetundika shuka asubuhi? Ni nani alisema funika viti viwili?"

"Kwa nini, Mama?"

Alichukua jiwe dogo kutoka kwenye dengu, akaliangalia, akalitupa. "Nilitaka ajione. Nilidhani akijiona, ataona haya, atakuja aniondolee leso. Ndiyo maana nilikaa." Akacheka kidogo, kile kicheko cha mke wa balozi. "Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na nilidhani mchezo unaweza kurudisha mtu. Halafu nikakuacha wewe ubebe."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki, si ndiyo? Miaka yote hii, na hata mti sikuwahi kuwa. Niliitafuta hasira mahali pote nikapata tu mama yangu, mzee, kwenye benchi refu la jikoni, dengu mapajani. Tulikuwa wawili tuliodanganywa na shuka moja. Mmoja tu ndiye alikuwa na miaka minane.

Nje walikuwa wanaitana kwa chakula. Mama hakusimama.

"Bado unamweza?" akauliza. Hakuniangalia.

Nilifuta mikono kwa aproni. Nikatoka hadi nyuma ya jiko, kwenye kuni, mahali wageni hawaoni. Magoti yakalalamika. Nikapiga honi mara mbili kwa mdomo. Nikarudi mlangoni pa jikoni, nikafuta viatu, kushoto kisha kulia, kwenye gunia ambalo halikuwapo. Nikakohoa mara mbili, na sauti ikaja yenyewe, ya chini, nzuri, kana kwamba ilikuwa imekaa mlangoni miaka hii yote ikingoja kukaribishwa.

"Watu wa hapa mpo?"

Mama aliinua ungo wake, akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.